Matanga ya Fundi wa Taa

Uwanja wa Ndege, Khartoum
14 Julai 2025

Dada Devota,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifundisha kuiandika, si kwa sababu umeistahili. Mimi ni mzima, kama huo si usumbufu kwako. Natumai barua hii inakukuta hapo Mvumi na afya ya kutosha kuisoma hadi mwisho bila kuichana. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Mahindi mmeshavuna, au ng'ombe wa watu wamewatangulia tena? Nisalimie kila mtu asiyeona vibaya kusalimiwa na marehemu.

Tangu siku ile nilipopiga simu nyumbani, akapokea mwanao Salome, akapiga ukelele na kuiangusha, sijalala vizuri. Baadaye nilimwomba Vitalis, fundi mwenzangu wa Morogoro, apige yeye. Ndipo nilipopata habari zangu mwenyewe. Kwamba vita ilipozuka huku nami nikapotea, ukoo ulikaa ukanililia matanga. Mlinyoa nywele. Mlizika shati langu la kaki pembeni ya kaburi la baba, mkaweka na msalaba. Siku ya kuvunja matanga jina langu akapewa Theodory, mtoto wa mama mdogo, mkata miwa wa Ruhembe. Sasa yeye ndiye Ditram. Bahati nzuri sina mke, mngemrithisha naye.

Nimeambiwa pia kwamba, kwa kuwa nimeliliwa matanga, sauti yangu haitakiwi kusikika ndani ya nyumba mpaka nisimame barabarani na mama aniite kutoka mlangoni mbele ya ukoo mzima, nami niitike. Sawa. Mila naijua. Ndiyo maana naandika, maana sijasikia mila inayokataza karatasi.

Kuja sasa hivi siwezi. Tunaufufua uwanja mzima wa ndege. Ungeuona ungesema hapa hapatatua hata kunguru. Ndege zilizoungua bado zimelala ubavuni, jengo la abiria halina kioo hata kimoja, na kila asubuhi tunawangoja wategua mabomu wapite kwanza ndipo sisi tuguse ardhi. Nyaya za taa za njia ya kurukia zimechimbwa na wezi kama watu wanavyochimba mihogo. Kazi ya taa hizo nimekabidhiwa mimi. Bila taa uwanja haufunguliwi, na bila uwanja huu mji utaendelea kuwa gofu.

Sasa nataka unijibu jambo moja. Kwetu mtu aliyepotea husubiriwa mpaka mavuno mawili yapite ndipo aliliwe matanga. Mimi nilipotea Aprili ya 2023. Mliponililia, mavuno ya pili yalikuwa bado hata hayajapandwa. Nani alikuwa na haraka? Na Vitalis aliambiwa kwamba Salome ameolewa muda mfupi baada ya matanga yangu. Ameolewa na nani?

Ndimi nduguyo, niliye hai,
Ditram


Mvumi, Kilosa
30 Agosti 2025

Ditram,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia, maana tuliyemzika hasalimii, na mimi si mtu wa kuvunja mila kwa ajili yako. Hapa hatujambo. Mahindi yalikuwa ya kuridhisha, mbaazi zimeliwa na ng'ombe kama ulivyotuombea. Mama miguu imevimba, anatembea kwa kushika ukuta, lakini mdomo wake ni uleule. Paa la jikoni nimeliezeka upya. Mzee Optatus, mkubwa wetu wa ukoo, amepofuka jicho moja na bado anajitia anaona kila kitu.

Barua yako ilifika Mikumi kwa basi la Iringa, ikapokelewa kwenye nyumba ya wageni pale karibu na maegesho ya malori, na mwenye nyumba hiyo akamtuma mwanawe ailete mpaka Mvumi kwa pikipiki. Alifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Huyo kijana ni Herman. Ndiye mume wa Salome. Ndiyo, huyohuyo. Usianze kupekua kumbukumbu, ni yeye.

Unauliza nani alikuwa na haraka. Mimi nitakuuliza nani alikuwa kimya. Redio ilisema Khartoum inaungua, televisheni ikaonyesha uwanja wako ukitoa moshi siku ya kwanza ya vita, na wewe hukutuma hata neno moja. Mama alikuwa akikaa na simu mapajani kama mtu anayeatamia mayai. Watanzania walirudishwa, tukaenda mpaka Morogoro kuwauliza, hakuna aliyekuona. Ulitaka tufanye nini? Wazee walikaa, wakaamua. Mimi ni mwanamke, kwenye kikao cha wazee napika.

Sitaki kukuficha jambo moja: mama hakunyoa. Sote tulinyoa, yeye akakataa. Alikaa nyuma ya nyumba akichambua mchele huku watu wakilia mbele. Walisema ameshikwa na kichaa cha uchungu.

Sasa sikiliza, maana nasema mara moja. Mama ndiye wa kukuita. Lazima aite amesimama, na hatasimama milele. Njoo ungali na mtu wa kukuita. Lakini ukija, utashuka kwanza Mikumi, uende kwa Herman, umpe mkono na kumwita mkwe. Ukishafanya hivyo ndipo nitawakusanya watu. Usipofanya, kaa na taa zako.

Devota


Khartoum
27 Oktoba 2025

Dada,

Shikamoo tena, uiache hapo ilipo. Nimefurahi kusikia paa la jikoni. Nimesikitika kuhusu mbaazi, hata kama unadhani niliziombea mabaya. Huku joto limepungua kidogo, vumbi halijapungua. Mwambie mama achemshe maji ya chumvi aloweke miguu jioni.

Herman! Nilipofika kwenye jina hilo niliiweka barua yako chini nikatoka nje nikazunguka kile kilichokuwa ghala la mizigo, mara nyingi, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Utakumbuka, maana ulikuwepo. Nilikuja likizo mwaka wa 2022. Watu wa Herman wakaleta jembe la posa. Mimi mjomba ndiye niliyelishika, na mimi ndiye niliyelirudisha. Kwetu jembe likirudishwa na mjomba posa imekufa. Baba wa binti hana la kusema, mama wa binti hana la kusema. Posa haifufuki mpaka apatikane mjomba mwingine. Na mjomba mwingine anapatikana vipi, dada yangu? Kwa huyu aliyepo kufa.

Basi umenijibu bila kutaka. Hukuwa jikoni siku ya kikao cha wazee. Nakujua tangu ukinibeba mgongoni, hujawahi kukaa jikoni watu wakipanga mambo. Ulinizika ili umuoze binti. Ulitafuta mjomba mwepesi, ukampata Theodory, ambaye ukimpa sahani ya wali atakubali posa ya fisi.

Na usiseme nilikuwa na roho mbaya. Wale ni wajukuu wa manamba. Babu zao waliletwa kukata mkonge Kimamba, wakahamia Mikumi kuuza chai kwa wenye malori. Mjomba kwao ni mtu wa kualikwa sherehe, akae kiti cha nyuma, apewe soda. Mtoto wa Salome atakua hajui yeye ni wa nani. Hilo ndilo nililolikataa, na leo ningelikataa tena.

Uniache niseme na habari ya kazi, maana ndiyo inayonizuia, si kiburi. Wiki iliyopita tulikuwa tayari. Ndege ya kwanza ya abiria ilikuwa inangojwa, watu wamepaka rangi mpaka kingo za njia. Zikaja droni alfajiri. Safu yangu ya taa ya upande wa mashariki imepasuka. Waliotua baadaye walitua mchana, kwa macho, wakaondoka haraka. Safari za kawaida zimesitishwa. Nimeanza upya, nimepiga magoti na kisanduku cha vifaa, nikiunganisha nyaya nilizokwisha kuziunganisha.

Nikimaliza nitakuja. Nitaondoka kwa ndege itakayoruka hapa, kwenye njia yangu, si kwa lori la jangwani kama mkimbizi. Na usimtumie mama kama chambo. Mama ana nguvu kuliko sisi wawili.

Ditram


Mvumi
9 Desemba 2025

Ditram,

Marahaba. Nimeiitikia leo ili usipate kisingizio cha kusema hukujibiwa. Hapa mvua za vuli zimechelewa. Kilosa mjini wanaogopa mto, sisi tunaogopa ukame, kila mtu na hofu yake. Salome na mwanawe walikuja wakakaa wiki nzima. Mtoto anatembea, anavunja vikombe. Maji ya chumvi mama ameloweka, anasema ni ya moto mno na kwamba ndiyo tabia yako, kuwapikia watu wengine usichokila mwenyewe.

Tulipata mgeni. Rafiki yako Vitalis amekuja likizo, akaona aje mpaka Mvumi kumsalimia mama wa rafiki yake. Kijana mzuri, anakula vizuri. Nilimchinjia kuku. Alikaa hapa barazani akikusifu mpaka jua likazama, na katika kukusifu akatueleza jinsi mlivyotoka Khartoum wiki ya kwanza ya vita mkaenda Port Sudan, na jinsi ulivyopata kazi huko kwenye mitambo ya bandarini, ukawa mzima wa afya wakati wote, ukaanzisha hata kwaya ya Watanzania na Wakenya. Akasema simu yako ilikuwa na laini mbili na ndiyo wenzako waliyokuwa wakiazima kupiga makwao.

Mama alikuwa amekaa pale. Akauweka chini ungo aliokuwa akipepeta. Vitalis hakujua amesema nini, akaomba maji ya kunawa.

Wenzako walipiga makwao kwa simu yako, Ditram.

Mgeni alipolala nilikaa na mama. Nilimwambia, "Alikuwa anaweza kupiga." Mama akaniambia, "Najua. Mtoto wangu akinuna hanyamazi nusu." Akajifunika.

Sasa nami nakwambia wewe. Ulijua posa haiwezi kusogea kama mjomba yuko kimya. Ulijua Salome atasubiri, Herman atasubiri, sote tutakaa kama kuku waliofungwa miguu mpaka bwana mkubwa atakapoamua kusema. Vita ilikupa kichaka cha kujifichia, ukajificha. Ukatuacha tukilia ili tu jembe lisirudi mlangoni kwetu.

Najua unataka kuuliza kama nilikuzika nikijua uko hai. Sitakujibu. Lakini nitakwambia kilichokuwemo ndani ya nyumba wakati ule. Salome alikuwa na mimba. Ungetaka azalie wapi, chini ya kimya chako?

Na hilo la wajukuu wa manamba limenichekesha, nami sijacheka siku nyingi. Mtu aliyeacha kwao, akaenda nchi ya watu kufanya kazi kwenye ardhi ya watu, analala kwenye kontena, anapiga magoti kwenye vumbi mpaka msimamizi aseme inatosha. Huyo tunamwitaje? Babu yake Herman alikuja Kimamba hivyohivyo. Angalau yeye alioa akawatambua wakwe zake.

Mama hasimami tena bila kushikwa. Njoo kwa ndege, kwa lori, kwa ngamia, mimi sijali. Msimu wako wa kununa umekwisha.

Devota


Khartoum
25 Januari 2026

Dada Devota,

Shikamoo. Nimepokea barua yako kwa mkono wa Vitalis, ambaye tangu arudi tunafanya kazi upande mmoja wa uwanja bila kuzungumza. Salamu kwa mama. Salamu kwa Salome. Nimetuma na barua hii kitambaa cheupe cha kike, kirefu sana, wanavyojifunga wanawake wa huku. Mama ajifunike nacho asubuhi za baridi. Usikikate vipande.

Habari ya Port Sudan sina la kusema.

Taa zimewaka. Juzi jioni tuliwasha njia nzima kwa majaribio, na kila taa iliitika. Watu wa mtaa wa jirani walipanda juu ya mapaa yao yaliyotobolewa na risasi wakapiga vigelegele, wanawake kwa wanaume. Mzee mmoja mfagiaji aliketi chini palepale akalia. Nilisimama kwenye swichi kuu nikatamani kuwe na mtu wa kwetu wa kuniona. Sikuwa na mtu, kwa hiyo nimekuandikia wewe.

Nilipewa ruhusa ya kuondoka mwanzoni mwa mwezi. Lazima nikwambie mimi kabla hujaambiwa na mgeni mwingine anayependa kuku. Ruhusa nilipewa, na gari la kunipeleka Port Sudan lilikuwepo. Nimechagua kubaki mpaka ndege za abiria zianze tena. Mhandisi ameniomba, na mimi sikutaka mtu mwingine asimame kwenye swichi yangu siku hiyo. Ni majuma machache. Mama amenisubiri muda wote huu, majuma machache hayatamshinda.

Wewe umeweka sharti lako la Mikumi. Nami naweka langu. Nikija, mbele ya Mzee Optatus na ukoo wote, kabla mama hajaniita, utasema neno moja: kwamba ulijua. Hotuba sitaki. Utasema ulijua niko hai ukalizika shati langu. Ukishasema, nitampa mkono hata huyo Herman wako. Usiposema, basi mimi na wewe tumemalizana, na mama ataniita wewe ukiwa umetoka.

Ditram


Mvumi
14 Machi 2026

Ditram,

Hapa mvua imenyesha. Mahindi yamefika magotini. Theodory alikuja kutoka Ruhembe akanisaidia palizi, halafu akabaki. Salome yupo hapa, Herman yupo, nyumba imejaa watu na mikeka. Kitambaa chako kimefika salama na sikukikata. Ni kirefu kweli, kama ulivyosema. Kilimtosha mama mara mbili.

Tumemzika nacho.

Alikufa Jumanne iliyopita baada ya masika kuanza kupiga bati. Nilitaka kukupigia simu mila ipotelee mbali. Nilishika simu ya Salome, nikakumbuka laini zako mbili, nikaiweka chini. Nikasema na yeye aone ladha ya kukosa habari. Nilikuwa na hasira hivyo, na bado ninayo.

Asubuhi ya siku yake ya mwisho alitaka ashikwe asimame mlangoni. Mimi bega hili, Herman bega lile, ndiye aliyekuwa na nguvu. Akaita jina lako kuelekea barabarani. Alipita mtu na baiskeli ya mkaa akageuka kutazama. Mama akangoja, akaita tena, akasema tumrudishe kitandani. Mzee Optatus anasema haihesabiki kwa sababu hukuwepo kuitika. Nami nasema hivyohivyo.

Kaburini padre alisoma majina ya watoto wa marehemu. Akasoma Devota, nikasimama. Akasoma Ditram, na Ditram akasimama, na hakuwa wewe. Theodory ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Maskini, anajua alichokalia. Herman ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama. Mjukuu wa manamba.

Umewasha taa za watu, Ditram. Sikatai kwamba ni kazi kubwa. Wale waliopanda mapaani wana haki ya kushangilia. Lakini mimi nilikuwa na mgonjwa anayetazama barabara, na wewe ulikuwa na ruhusa na gari.

Neno unalolitaka sitalisema, wala sitaliandika. Litoe kichwani.

Mama hayupo, basi kazi ya kukuita imeniangukia mimi, mkubwa wa tumbo letu. Hakuna mwingine. Nisipoita mimi utabaki ulivyo mpaka ukafie kwa wenyewe, na huko utakuwa umekufa mara ya pili bila mtu wa kunyoa. Na mimi simwiti mtu ambaye hajaniomba.

Devota


Mikumi
6 Aprili 2026

Dada Devota,

Shikamoo. Pole. Nimekaa na neno hilo muda mrefu nikitafuta lililo bora zaidi, sikulipata. Pole, dada.

Nimeondoka kwa ndege iliyoruka kwenye njia yangu, kama nilivyojiapia. Nilikaa dirishani ili nizione taa zangu. Ilikuwa mchana wa jua kali, zilikuwa zimezimwa. Sikuona hata moja.

Barua yako ilinikuta siku moja kabla. Niliisoma nimesimama, na Vitalis, ambaye hatukuwa tunazungumza, alinishika mkono akaniketisha kwenye ngazi ya ndege. Nimelia kutoka Chalinze mpaka Mikumi. Aliyekaa pembeni yangu kwenye basi alinipa ndizi, hakujua afanye nini kingine.

Basi lilinishusha palepale kwenye maegesho ya malori, na nyumba ya wageni iliyo karibu unaijua ni ya nani. Sikuwa na nguvu za kutafuta nyingine. Herman mwenyewe alitoka akapokea begi langu. Akasema, "Shikamoo, mjomba." Nikamwambia marahaba. Baadaye nikamwambia, "Ahsante kwa kumpokea mama kule chini." Akatazama pembeni, akaniuliza kama nakula wali au ugali. Nimempa mkono. Usidhani ni kwa ajili ya sharti lako.

Salome amenikwepa siku nzima. Mtoto hajanikwepa, amevunja miwani yangu. Nilimuuliza yeye ni wa nani. Akanionyesha mama yake, akanionyesha baba yake, halafu akanyoosha kidole barabarani kuelekea kwenu, akasema bibi.

Lile neno sitaki tena. Nililitaka ili niseme wewe ndiye uliyenitoa nyumbani. Nilikuwa na simu ya laini mbili mfukoni, Devota. Nilikuwa naitazama namba ya mama naipita.

Mvumi si mbali kutoka hapa, na sithubutu kupanda gari. Unataka niombe. Kuomba sijui. Mama hakunifundisha, alikuwa akinipa kabla sijaomba. Nakuarifu tu kwamba nipo Mikumi na kwamba sina pengine pa kwenda. Herman ataileta barua hii.

Mdogo wako


Mvumi
7 Aprili 2026

Nimeisoma barua yako mbele ya Herman, nikamwambia akae anywe chai angoje jibu. Hapa hatujambo, mvua inaendelea, barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya ina matope, mkija mwambie aendeshe polepole.

Hukuomba, na mimi nimeona hukuomba. Sijakusamehe. Nitaendelea kukukasirikia ukiwa ndani ya nyumba, ni rahisi zaidi kuliko kwa barua.

Njoo Jumamosi asubuhi, watu watakuwa wamefika. Usiingie uani. Usiende makaburini peke yako. Simama barabarani mahali ninapoweza kukuona, uvue kofia, unyamaze. Kunyamaza unajua.

Kuna tatizo la jina. Theodory yuko tayari kulirudisha, ameniambia hata halali vizuri nalo. Wazee wamekataa, wanasema jina likishasimama kaburini halivuliwi. Nimegombana nao jana, Salome aliponipigia simu kwamba umefika, mpaka Mzee Optatus akatoka nje bila fimbo yake. Wameshinda wao. Ditram ni yeye, na nikisimama mlangoni kuita Ditram, atakayeitika kihalali ni Theodory.

Kwa hiyo sitaita jina. Nitaita "mdogo wangu," basi, kwa sauti ya kufika barabarani. Wewe usigeuke kutazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Mama alizaa wawili. Sina mwingine.

Devota